Kibarua Kimeota Nyasi: Kuisoma Lugha ya Ofisi

Mtu akipoteza kazi, tunasema kibarua chake kimeota nyasi. Msemo huu tunautumia kwa utani, hata pale pasipo na cha kuchekesha, na kwa kuwa tumeuzoea hatusimami kuuangalia. Kibarua ni barua ndogo. Zamani, huko pwani, mfanyakazi wa kutwa alikuwa na kijikaratasi cha kuonyesha kwamba kafanya kazi na anastahili ujira wake. Baada ya muda jina la karatasi likamhamia mwenye karatasi. Waingereza walimwita mfanyakazi kwa mikono yake. Sisi tulimwita kwa barua yake.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu nina dai la kuleta mbele ya wasomaji wa fasihi. Idara inayoshughulika na waajiriwa, iite utumishi, iite rasilimali watu, ni idara ya uandishi. Tangazo la kazi, mkataba, barua ya uhamisho, barua ya onyo, fomu ya tathmini, barua ya kuagana: hizi ni tanzu kamili, na zina fomula zake kama ngano ilivyo na "Paukwa! Pakawa!" Zinasomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote tunayoisifu, tena zinasomwa kwa makini ambayo mwandishi wa riwaya angeionea wivu. Mtu hurudia barua ya ofisi mara tano, akitafuta kilichojificha katikati ya mistari. Lakini wahakiki hatuzigusi. Tumewaachia wataalamu wa uongozi, nao wanapozungumzia "utamaduni wa taasisi" huzungumzia semina, mabango ya Dira na Dhima ukutani, na fulana za siku ya wafanyakazi.

Mimi naona utamaduni wa kazi uko kwenye maneno ambayo watu huambiana kila siku, na kwenye nani anaruhusiwa kujibu. Mhakiki ana kazi hapo.

Majina ya mfanyakazi

Tupange majina kwa zamu. Kibarua nimeshamtaja. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika alikuja manamba, mtu aliyeletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali na kutambuliwa kwa namba yake. Siku zake zilihesabiwa kwenye kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Bandarini alikuwepo kuli, neno lililovuka bahari kutoka Asia. Ofisini alikaa karani. Baada ya Uhuru likashika kasi jina mfanyakazi, na nadhani hili ndilo lenye heshima kuliko yote, maana ndani yake kuna mtu na kuna tendo, na hakuna karatasi. Miaka ya mipango ya maendeleo ikaleta nguvukazi. Sasa tunayo rasilimali watu.

Rasilimali tumeipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kichwa cha mali, yaani mtaji. Sina ugomvi na asili. Lugha hukopa, na Kiswahili kimekopa vizuri. Ugomvi wangu uko kwenye sarufi. Kiswahili kina desturi ya kumlinda kiumbe hai dhidi ya ngeli ya neno lake. Kiongozi ana ki- mbele lakini tunasema kiongozi amefika. Daktari hana m- mbele lakini daktari anakuja. Hata kibarua, aliyeitwa kwa karatasi, sarufi imemrudishia utu wake: akiwa mtu, kibarua amechoka, ikiwa kazi, kibarua kimeota nyasi. Lugha yenyewe imetenganisha mtu na ajira yake, na nadhani huo ni uungwana ambao hatujaushukuru vya kutosha.

Sasa chukua rasilimali watu. "Rasilimali watu iliyopo haitoshi." "Rasilimali watu ipunguzwe." Watu wamo ndani ya jina, wameandikwa kabisa, lakini upatanisho umewapita. Kitenzi kinaongea na mali. Jaribu kulisema upya: "Watu waliopo hawatoshi." "Watu wapunguzwe." Sentensi ya pili inakwama kooni, na inakwama kwa sababu sasa unawaona. Ndiyo maana istilahi ya kwanza ni rahisi kuitumia kikaoni.

Hapa Haydom, ninapoandikia, neno linalosikika zaidi ni mtumishi. Mji huu umekua kuizunguka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955 na leo iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT. Kwa hiyo mtumishi ana maana mbili zinazokaa ua mmoja: anayeingia zamu na anayepanda madhabahuni. Popote linapotumika, neno hili lina uzuri wake na hatari yake. Uzuri ni kwamba linaipa kazi maana kubwa kuliko mshahara. Hatari ni kwamba mtumishi hutazamiwa kutumika, na anayetumika akidai chake huonekana kapungukiwa wito. Hospitali za mashirika ya dini vijijini, nchi nzima, zimewahi kuwapoteza wauguzi wengi waliofuata mshahara na pensheni za serikali. Waliobaki wakasifiwa kwa moyo. Sifa ni nzuri, ila haifiki benki.

Majina mengine yaliletwa na siasa. Kuanzia mwishoni mwa 2015 Rais John Magufuli alitupa kitenzi kutumbua, na kwa miaka kadhaa mtu hakufukuzwa kazi tena. Alitumbuliwa, kama jipu. Mwaka 2016 vita ikawa dhidi ya watumishi hewa. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Sitetei cheti cha kughushi, na mishahara hewa ilikuwa wizi halisi. Ninachohakiki ni sitiari. Jipu halijitetei. Hewa haina la kusema. Ukishamwita mtu kwa jina la kitu kisicho na mdomo, umeshamaliza mjadala kabla haujaanza. Mtaani tulicheka sana na neno kutumbua. Lilikuwa tamu mdomoni, na utamu wake ndio uliotufanya tusiulize huyu katumbuliwa kwa utaratibu gani.

Nani kaamua?

Mwanzoni mwa 2025 rafiki yangu, aliyekuwa kwenye mradi mmoja wa afya mbali na hapa, alinitumia picha ya barua kwenye simu. Januari 20 mwaka huo Rais wa Marekani alikuwa ametia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na mawimbi yake yakafika mpaka kwenye vijiji ambavyo hakuna aliyeko Washington angeweza kuvionyesha kwenye ramani.

"Dada, wewe si mwandishi? Hebu nisomee hii," akaniambia.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza anakijua. Hakutaka tafsiri. Kabla barua haijamfikia alikuwa ameshaondolewa kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Siku hizi hilo ndilo pigo la kwanza, karatasi hufuata. Nilipomaliza kusoma akauliza swali moja tu: "Nani kaamua?"

Niliipitia tena barua nikitafuta jibu. Halikuwemo. Vitenzi vyote vilivyokuwa na uzito vilikuwa katika kauli ya kutendwa. Mkataba umesitishwa. Mabadiliko yamelazimu. Vifaa vya ofisi virejeshwe. Mtendaji alikuwa mmoja tu katika ukurasa mzima: rafiki yangu, aliyetakiwa kurejesha. Mwishoni uongozi ulijitokeza kwa mara ya kwanza, kumshukuru kwa mchango wake na kumtakia kila la heri. Yaani waliojificha wakati wa kuamua walionekana wakati wa kuaga.

Mtu atasema hiyo ni lugha ya kisheria, haina budi kuwa hivyo. Si kweli, na sheria yetu yenyewe inakataa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aeleze taarifa zinazohusika, kisha ashauriane nao: kuhusu sababu, kuhusu njia za kuepuka au kupunguza upunguzaji huo, kuhusu namna ya kuchagua nani aondoke, kuhusu wakati na malipo. Soma hiyo kama mhakiki. Sheria inadai tamthilia, yaani watu wawili wanaosemezana kabla tendo halijatokea. Ofisi nyingi huleta utanzu mwingine kabisa, tangazo. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinakwenda mbali zaidi: mfanyakazi asipoelewa maelezo ya maandishi ya ajira yake, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoelewa. Mtunga sheria alijua kwamba karatasi peke yake haizungumzi.

Na jambo hili si geni nchini. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara yake ya 15, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na ubabe. Miaka miwili iliyofuata viwanda vilishuhudia migomo mingi, na wafanyakazi waliusimamisha Mwongozo mbele ya mameneja kama hati ya mashtaka. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda. Sehemu kubwa ya malalamiko ya miaka ile ilihusu namna watu walivyosemeshwa: matusi, kejeli, kuitwa kama watoto. Hatimaye serikali ilichoka na migomo na kuidhibiti, lakini kumbukumbu inabaki kwamba wafanyakazi wa Tanzania waliwahi kuweka vyombo chini kwa sababu ya lugha. Leo tunafundishwa "utamaduni wa taasisi" kama somo lililokuja na mradi.

Waliobaki, walioondoka, waliosema

Mwaka 1970 mchumi Albert Hirschman aliandika kwamba mtu asiyeridhika na taasisi ana njia mbili, kuondoka au kusema, na kwamba uaminifu ndio unaoamua ataishika ipi na lini. Fasihi yetu ina kitabu kwa kila neno kati ya hayo.

Uaminifu ni Shaaban Robert mwenyewe. Tumezoea kumwita gwiji wa lugha tukasahau kwamba kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akapitia idara ya mifugo, ofisi ya jimbo Tanga, na idara ya kupima ardhi. Soma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini kama kumbukumbu za mwajiriwa na utaona jambo ambalo walimu wetu hawakutuonyesha: mtu anayehamishwa kwa barua, ambaye adabu yake ni kubwa kuliko cheo alichopewa, na ambaye hasira yake imekunjwa vizuri kama shati la kazini. Ndani ya Maisha Yangu umo pia Utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake. Hati! Mkono uleule uliozoea jalada la serikali uliandika hati nyingine, yenye mwandishi anayejulikana, msomaji anayejulikana, na upendo kati yao. Sina mfano bora wa tofauti kati ya maandishi mawili. Mtu yuleyule, Kiswahili kilekile. Kilichobadilika ni kwamba katika utenzi mwandishi anasimama nyuma ya maneno yake.

Kuondoka ni Utubora Mkulima, iliyochapishwa 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Utubora ni mtumishi wa mjini, hodari wa kazi, anayeacha ajira yenye mshahara na kwenda kulima Busutamu. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama mahubiri ya kurudi shambani, na kweli mahubiri yamo, tena mengine marefu. Lakini isome leo, wakati vijana wenye shahada wanaacha kazi za ofisi na kwenda kufuga kuku, na utaona swali ambalo fomu za kuagana hazina kisanduku chake. Anayeondoka kwa sababu mshahara ni mdogo, ofisi inamwelewa. Anayeondoka kwa sababu maisha anayoishi si yake, ofisi haina pa kumwandika. Udhaifu wa riwaya ni kwamba Utubora ni mwema mno; hatumwoni akihangaika na kodi ya nyumba wala karo. Kuondoka ni uhuru kwa mwenye pa kwenda. Wengi wetu Busutamu yetu imeshauzwa viwanja.

Kusema ni Kuli ya Shafi Adam Shafi, 1979. Hapa wachukuzi wa bandari ya Unguja, akiwemo kijana Rashidi, wanajifunza polepole kwamba uchungu wa kila mmoja una mkono mmoja nyuma yake, na safari yao inafika kwenye mgomo mkuu wa 1948, ambao historia inaujua. Nguvu ya Kuli ni kwamba haimpi mfanyakazi hotuba siku ya kwanza. Inampa mazungumzo: barazani, kazini, nyumbani, tena na tena, mpaka neno kuli linaanza kuwa na maana nyingine mdomoni mwa anayeitwa hivyo. Riwaya hii ina sehemu ambapo mwandishi anatufundisha zaidi ya anavyotusimulia, na hilo ni kasoro. Lakini imeelewa jambo ambalo washauri wa mabadiliko hulipwa fedha nyingi kulikosa. Watu hawabadiliki kwa kuambiwa mara moja.

Hotuba na kibwagizo

Na hapa narudi Haydom, kwa sababu jambo hilo, ambalo Shafi alilisimulia, hapa lilipimwa kwa namba.

Aprili 2010 wahudumu wa hospitali ya Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya programu iitwayo Helping Babies Breathe, ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua katika dakika yake ya kwanza. Yalikuwa mafunzo mazuri. Watafiti, wakiongozwa na Hege Ersdal, walirudi miezi kadhaa baadaye kuangalia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Resuscitation yangepaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila ukumbi wa semina Tanzania. Kwenye mwanasesere wa mazoezi, wahudumu walikuwa wamepiga hatua. Wodini, kwa watoto wa kweli, utendaji haukubadilika. Watu walikuwa wameelewa, tena walikuwa wanaweza kuonyesha kwamba wameelewa. Ila uelewa ulibaki kwenye chumba cha mafunzo, kama koti lililosahauliwa kwenye kiti.

Basi wakabadilisha mtindo. Kuanzia 2011 mazoezi yakahamia wodini penyewe: dakika tatu hadi tano, kila wiki, kwa mwanasesere aliyewekwa palepale watoto wanapozaliwa, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Utafiti ulioongozwa na Estomih Mduma, uliochapishwa 2015, ulilinganisha kabla na baada. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watoto waliosisimuliwa na waliosafishwa njia ya hewa wakaongezeka, na watoto waliohitaji kupumulishwa kwa mfuko na barakoa wakapungua. Ni ulinganisho wa kabla na baada katika hospitali moja, na usomwe kwa kiasi chake. Hata hivyo, tofauti ya karibu watoto wanne katika kila elfu si maneno. Watoto wale leo wako shule.

Mhakiki wa fasihi anaiona mara moja tofauti ya fani. Semina ni hotuba, ina msemaji mmoja na wasikilizaji wengi, na mwisho kuna makofi na posho. Mazoezi ya wodini ni kibwagizo: kifupi, kinarudiwa, na kila mmoja anakiimba. Ni mchezo wa kuigiza pia, maana mkunga anamshika mwanasesere akijua ni mwanasesere, na bado mikono inajifunza kama ni kweli. Wairaqw wa huku wana slufay, sala yenye sura ya shairi ambayo mzee huiongoza kwenye kusanyiko na watu huitikia. Hakuna anayesikiliza slufay akiwa amenyamaza tu kama mtu wa semina. Kuitikia ndiko kunakomfanya awe sehemu ya kilichosemwa. Na katika mji huu ambapo Kiiraqw, Kidatooga, Kinyiramba na Kihadza, lugha za koo nne tofauti, hukutana kwenye foleni moja ya dirisha la dawa, watu wanajua kwamba kuelewana hakuji kwa tangazo. Kunakuja kwa kurudia, na kwa kuulizana "umenielewa?"

Najua hatari za hoja yangu. Ya kwanza: mtu anaweza kuchukua mfano huu akasema, basi mazoezi ya dakika tano yanatosha, mishahara ya nini? Hapana. Kibwagizo hakilipi karo. Uaminifu usiolipwa hugeuka Utubora mmoja baada ya mwingine, na wodi hubaki na bango lake. Ya pili ni nzito zaidi: maandishi ni ngao ya mnyonge. Ofisi isiyo na barua, ambapo kila kitu ni "tutaongea, njoo kesho", ni mahali pa mateso; wanaojua ni madereva, wahudumu wa baa, wadada wa kazi, na waandishi wa mikoani kama mimi tunaolipwa kwa habari iliyotoka. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karatasi ni uhai. Kwa hiyo sisemi barua ichomwe. Nasema barua ije baada ya mazungumzo, iwe kumbukumbu yake, isiwe mbadala wake.

Nyakati zinabadilika kweli. Tathmini ya watumishi wa umma ilitoka kwenye siri, mwaka 2004 ikaingia OPRAS, ambayo ilitakiwa kuwa maongezi ya wazi kati ya mtu na msimamizi wake lakini mara nyingi ikawa fomu ya kujazwa siku ya mwisho. Sasa iko kwenye mfumo wa kielektroniki, PEPMIS. Mwalimu wa kijijini anatafuta mtandao ili auambie mfumo alichofanya, wakati mkuu wake wa shule amekaa hatua kumi kutoka alipo. Mradi ukifa, taarifa inakuja kwa simu. Kesho barua ya onyo itaandikwa na programu ya kompyuta, kwa lugha safi kuliko ya afisa yeyote, na hapo swali la "nani kaamua?" litakuwa gumu maradufu. Kadiri karatasi inavyokuwa nyepesi kuandika, ndivyo inavyokuwa rahisi kutosimama nyuma yake.

Kwa hiyo nawaletea maafisa utumishi, kama wapo wanaosoma kurasa za fasihi, kipimo kimoja tu, cha kizamani. Kabla ya kuituma barua, isome kwa sauti mbele ya mtu atakayeipokea, ukimwangalia. Penye "imeamuliwa" utalazimika kusema "nimeamua" au "tumeamua, mimi na fulani, kwa sababu hii." Penye "rasilimali watu" utalazimika kusema jina lake. Sentensi ambayo huwezi kuitamka mbele yake, ifute. Haikuwa sheria wala utaratibu, ilikuwa woga. Utakayoweza kuitamka, iandike, uweke saini, kisha ukae kidogo usikilize anachojibu.